Gari Linalokula Mafuta: Jinsi ya Kulipima na Kulirekebisha

Kila gari lenye uzito unaozidi tani tatu na nusu linalopita Barabara Kuu ya Morogoro halina budi kuingia katika mizani ya Vigwaza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka tani 56 kuwa ukomo wa uzito wa gari pamoja na mzigo wake, na dereva wa lori akizidisha anajua kinachomngoja. Gari dogo haliingii humo. Linapita kando ya foleni ya malori na kuendelea na safari yake ya Chalinze au ya Mlandizi, bila mtu yeyote kuuliza limebeba nini wala linatumia nini. Mwenye gari dogo, basi, asipojipima mwenyewe hakuna atakayempimia, na gharama ya kutojipima hulipwa kidogo kidogo kwenye pampu ya mafuta, mwezi baada ya mwezi.

Lalamiko tunalolisikia mara nyingi kutoka kwa wenye magari ni hili: “Gari langu linakula mafuta.” Tukiuliza linakula kiasi gani, aghalabu jibu huja kwa shilingi: mafuta ya elfu ishirini zamani yalinifikisha Kibaha na kunirudisha, siku hizi hayanirudishi. Jibu hilo linaeleweka, lakini halitusaidii kujua kama tatizo liko ndani ya gari au ndani ya bei. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hupanda au kushuka kwa kufuata soko la dunia, gharama za usafirishaji na thamani ya shilingi. Shilingi elfu ishirini za mwezi huu si lita zile zile za mwezi uliopita. Kipimo cha gari ni kilomita kwa lita, na somo letu linaanzia hapo.

Kupima kabla ya kurekebisha

Tafuta daftari dogo likae ndani ya gari. Siku utakayokuwa na fedha ya kutosha, jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, kisha usiongeze hata tone. Andika namba iliyo kwenye mita ya kilomita. Endesha kama kawaida yako kwa siku kadhaa, usijibane kwa sababu unapima. Utakaporudi kujaza, ikiwezekana tumia kituo kile kile na pampu ile ile, na ujaze tena hadi ikate yenyewe. Sasa una namba mbili: kilomita ulizotembea tangu mara ya kwanza, na lita zilizoingia mara ya pili. Gawanya ya kwanza kwa ya pili.

Ikiwa mita ilisoma 148,210 na sasa inasoma 148,552, umetembea kilomita 342. Ikiwa zimeingia lita 30, gari lako linakwenda kilomita 11.4 kwa lita moja. Mara moja haitoshi, kwa kuwa safari hutofautiana na pampu haikati pale pale kila siku. Pima mara tatu au nne, utafute wastani, ndipo utakuwa na namba ya kuitegemea.

Tunafahamu kwamba kujaza tangi ni jambo gumu kwa wengi, na kwamba mafuta hununuliwa kwa elfu kumi kumi kadiri ya mfuko. Hata hivyo, mara mbili tu kwa kipimo kimoja zinatosha, na katikati yake unaweza kununua kidogo kidogo, mradi uandike lita zote ulizonunua na kuzijumlisha na zile za mwisho. Tunaongeza neno moja kwa wanaoendesha gari taa ya mafuta ikiwaka kila siku: katika magari mengi ya petroli pampu ya umeme hukaa ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yaliyomo. Tangi likiwa tupu siku zote, pampu hiyo hupata joto na huchakaa mapema.

Namba hiyo ina thamani gani? Tuchukue mtu anayeishi Vigwaza na kufanya kazi upande wa Kibaha, anayeendesha kilomita 60 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,500. Gari likienda kilomita 10 kwa lita, atanunua lita 150. Likienda kilomita 12, atanunua lita 125. Kwa urahisi wa hesabu tuseme lita ni shilingi 3,000: tofauti ni shilingi 75,000 kwa mwezi, au 900,000 kwa mwaka. Kwa kaya nyingi za mkoa wa Pwani hiyo ni fedha ya sare, madaftari na michango ya shule, na akiba ikabaki.

Mguu wa dereva

Wengi wakiona gari linakula mafuta hukimbilia gereji. Sisi tunashauri uanze na mguu wako wa kulia, kwa sababu haudai malipo ya fundi wala vipuri. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa pupa, yaani kuondoka kwa nguvu, kukimbia na kufunga breki kwa ghafla, unaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 katika foleni za mjini. Hakuna kipuri utakachofungiwa gereji kikaleta nafuu ya kiasi hicho katika gari ambalo si bovu.

Tazama safari ya kawaida kati ya Mlandizi na Chalinze. Barabara inapita katika makazi, na kila penye makazi kuna kibao cha kilomita 50 kwa saa, mara nyingi na matuta, na mara nyingi na askari mwenye tochi. Dereva mwenye haraka hukiona kibao akiwa na kasi kubwa, hufunga breki, hupita kwa adabu, kisha akifika mwisho wa eneo hilo hukanyaga mafuta hadi chini ili afidie muda. Kilomita chache mbele hurudia yale yale. Kila anapofunga breki, nguvu iliyotokana na petroli aliyoinunua hugeuka kuwa joto katika breki na kupotea hewani. Kisha hununua nyingine.

Dereva mwenzake anayeijua barabara huondoa mguu kwenye mafuta mita mia mbili au tatu kabla ya kibao, gari likiwa kwenye gia, na kuliacha lipungue lenyewe. Katika magari ya petroli yanayotumia sindano za kompyuta, ambayo ndiyo karibu yote yanayoingizwa nchini siku hizi, kompyuta hukata mafuta kabisa wakati gari linapojisukuma kwa mwendo wake likiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta. Kwa muda huo gari linakwenda bure.

Hapo ndipo tunapopenda kuwatahadharisha wale wenye tabia ya kutoa gia na kuliacha gari huru kwenye mteremko, kwa mfano wanaposhuka kuelekea bonde la Mto Ruvu, wakiamini kwamba wanabana matumizi. Gari likiwa huru, injini haiwezi kusukumwa na magurudumu, hivyo hulazimika kuchoma mafuta ili isizime. Ukilinganisha na gari lililoachwa kwenye gia, unatumia mafuta zaidi. Isitoshe, umejinyima msaada wa injini katika kupunguza mwendo na kuziachia breki kazi yote, tena katika barabara inayojaa malori. Ni desturi iliyotoka katika magari ya zamani ya kabureta, na hata huko haikuwa salama.

Kuhusu kasi yenyewe, adui ni upepo. Nguvu ya hewa inayolizuia gari haiongezeki sambamba na kasi bali kwa mraba wake: ukitoka kilomita 80 kwenda kilomita 100 kwa saa, kasi imeongezeka kwa robo lakini kizuizi cha hewa kimeongezeka kwa zaidi ya nusu. Na umepata nini? Katika kilomita 30 za barabara iliyo wazi, mwendo wa 80 hukuchukua dakika 22 na nusu, mwendo wa 100 dakika 18. Dakika nne na nusu hizo ni rahisi kuzipoteza zote nyuma ya lori moja linalokata kona kuingia barabara ya zege ya Kwala. Sisi hatumwambii mtu aende kwa kasi ya kobe, wala asogee karibu na mkia wa lori ili lori limkingie upepo. Hilo la pili ni hatari kubwa. Tunasema tu kwamba mwendo wa utulivu wa kati ya 70 na 80, pale sheria inaporuhusu, ndio unaolifaa gari dogo na mfuko wa mwenye gari.

Keria iliyofungwa juu ya paa huongeza kizuizi hicho hicho cha hewa, hata ikiwa tupu. Iliyobeba mzigo huweza kula asilimia kati ya 6 na 17 ya mafuta katika mwendo wa barabara kuu. Ukishashusha mananasi ya Kiwangwa au magunia ya mkaa, ifungue uiweke nyumbani. Mizigo ya ndani nayo ihesabiwe: kila kilo 45 za ziada hupunguza takribani asilimia moja ya kilomita kwa lita, na gari likiwa dogo athari huwa kubwa zaidi. Tumeona magari yanayotembea mwaka mzima na betri mbovu, vyuma na madumu ya maji kwenye buti bila mwenyewe kukumbuka kwa nini aliviweka humo.

Kiyoyozi kina maneno mengi. Katika joto la ukanda wetu si haki kumwambia mtu asikitumie. Kanuni ya kufuata ni rahisi: gari likiwa limeiva juani, fungua milango au vioo kwanza hewa ya moto itoke; katika mwendo mdogo wa mitaani vioo vilivyo wazi vinatosha; katika mwendo wa barabara kuu funga vioo na utumie kiyoyozi kwa kiasi, kwa sababu vioo vilivyo wazi hukaribisha upepo unaolivuta gari nyuma.

La mwisho katika sehemu hii ni injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Kwa saa moja huweza kumaliza kati ya lita moja na mbili bila kusogea hata hatua. Foleni ikisimama kabisa, au unamngoja mtu anayenunua kitu kando ya barabara, na ukijua kwamba utakaa zaidi ya dakika moja, zima injini, mradi betri na stata yako ni nzima. Asubuhi nusu dakika inatosha kabla ya kuondoka. Gari la kisasa hupata joto upesi zaidi likitembea taratibu kuliko likisimama uani.

Upepo wa matairi na kibandiko kisichosomeka

Magari mengi madogo nchini yaliletwa yakiwa yametumika Japani. Ukifungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya mlango utaona kibandiko chenye maandishi ya Kijapani, na kwa kuwa hayasomeki, wengi hawakitazami tena. Maandishi hayasomeki, lakini namba zinasomeka. Zipo za matairi ya mbele na za matairi ya nyuma, na hutolewa ama kwa kilopaskali, kwa mfano 230, ama kwa kipimo kingine kinachoandikwa 2.3. Fundi wa pancha anatumia paundi. Namba ya kilopaskali igawanye kwa 7, na ile yenye nukta izidishe kwa 14: kwa vyovyote utapata takribani paundi 32 au 33. Hicho ndicho kiasi cha kumtajia fundi. Usimwachie akadirie kwa kupiga tairi teke. Kumbuka pia kwamba namba hizo ni za saizi ya tairi iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Pima upepo asubuhi kabla ya safari. Tairi lililotoka kwenye lami ya moto lina joto, na geji itasoma juu zaidi ya ukweli; ukipunguza upepo wakati huo, kesho yake litakuwa chini ya kiwango.

Tuseme kweli kuhusu faida yake, kwa kuwa vitabu vingine huikuza mno. Kila paundi moja inayopungua katika matairi yote manne hugharimu takribani asilimia 0.2 ya mafuta. Matairi yenye paundi 25 badala ya 33 yatamgharimu yule mtu wetu mwenye lita 150 kwa mwezi kama lita mbili na nusu hivi. Si utajiri. Lakini upepo haugharimu chochote cha kutajwa, na tairi lenye upepo mdogo huchakaa kingo, hupata joto na huweza kupasuka mahali pabaya. Kujaza kupita kiasi nako si dawa, maana tairi hupoteza mshiko, hasa mvua zinaponyesha.

Gereji: yanayohitajika na yasiyohitajika

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi na kubaki imewaka, usiizoee na usiizibe kwa kibandiko. Sensa ya oksijeni iliyokufa, kwa mfano, huifanya kompyuta ikose kujua mafuta yanavyoungua, ikamwaga petroli kupita kiasi; kurekebisha hitilafu kubwa ya namna hiyo kumeonekana kuleta nafuu ya hadi asilimia 40. Kwa gari ambalo halina ubovu huo, huduma ya kawaida ya plagi na usafishaji haitaleta miujiza.

Kuna kosa moja linalofanyika sana katika gereji zetu ambalo tungependa msomaji alijue kwa undani. Gari likichemsha, fundi hutoa themostati na kuitupa, akisema kwamba hicho ni kifaa cha nchi za baridi na huku kwetu hakina kazi. Si kweli. Themostati huzuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ifikie joto lake la kufanyia kazi. Ikiondolewa, injini hukaa na ubaridi kwa muda mrefu, hasa katika safari fupi na katika mwendo wa barabara kuu wenye upepo mwingi. Kompyuta ikisoma kwamba injini bado ni baridi, huendelea kuiongezea petroli kama vile ndiyo kwanza imewashwa alfajiri. Mwenye gari huona tatizo la kuchemsha limepoa kidogo, kisha mwezi unaofuata hulalamika kwamba gari linakula mafuta, wala hayaunganishi mambo hayo mawili. Chanzo halisi cha kuchemsha huwa ni rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, mfuniko wa rejeta uliolegea au pampu ya maji. Rekebisha hicho, na kama themostati imekufa, funga nyingine ya joto lile lile lililowekwa na mtengenezaji. Muulize fundi wako leo kama gari lako bado inayo.

Vivyo hivyo kwa masega ya ekzosi yanayong'olewa na kuuzwa. Gari hubaki na taa ya injini inayowaka daima, na siku kitakapotokea kitu kingine kibovu taa hiyo hiyo haitaweza kukuonya.

Oili iwe ya uzito uliotajwa na mtengenezaji. Gari lililobuniwa kwa oili nyepesi likiwekewa nzito kwa sababu ni bei rahisi, injini hufanya kazi ya ziada ya asilimia moja au mbili. Chujio la hewa libadilishwe kwa wakati, ingawa katika magari ya kompyuta faida yake huonekana zaidi katika nguvu ya gari kuliko katika mafuta. Mwenye gari la kabureta ndiye atakayeona tofauti kwenye pampu. Anayepita mara kwa mara barabara za vumbi za kuingia vijijini akague chujio mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Vidonge vya kutia tangini, sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti havina nafasi katika somo hili. Shirika la Mazingira la Marekani limechunguza zaidi ya vifaa mia moja vya aina hiyo na halikupata kinacholeta nafuu kubwa; baadhi vinaweza kuharibu injini.

Kwenye kituo cha mafuta

Kituo kina wajibu wa kuonyesha bei kwenye bango linaloonekana na kukupa risiti ya mashine ya kielektroniki hata kama umenunua mafuta ya elfu tano. Bei iliyotangazwa ni kikomo cha juu, na kituo kinaweza kuuza chini yake. Hata hivyo usiifuate nafuu kwa mbali: shilingi 50 kwa lita 30 ni shilingi 1,500, na kwenda kilomita sita na kurudi sita kutakugharimu lita nzima ya shilingi 3,000. Hakikisha pampu inaanza na sifuri. Ukitilia shaka kipimo, pampu huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na malalamiko yapelekwe huko pamoja na risiti yako. Imani ya kwamba mafuta ya alfajiri huwa mengi zaidi haina msingi wa kutosha, kwa kuwa tangi la kituo lipo chini ya ardhi na joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana.

Ikiwa daftari lako limekuwa likionyesha kilomita 12 kwa lita kwa miezi kadhaa, kisha ghafla likaonyesha 9, rudia kipimo mara moja zaidi kabla ya kumlaumu mtu. Likithibitika, anza na lililo rahisi. Endesha kilomita chache, simama mahali salama, na usogeze kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Ringi moja ikiwa na joto kupita nyingine, breki ya gurudumu hilo inashika. Zikiwa sawa, pima upepo wa matairi. Kisha tazama kama taa ya injini imewaka. Kisha nusa kama kuna harufu ya petroli chini ya gari au karibu na injini. Ukikuta harufu hiyo, usiwashe gari tena. Mwite fundi alifuate hapo lilipo.